Kopo la Buluu Wiki ya Mechi

"Wiki ya mechi, bia yetu wameivika buluu! Rangi ya Sydney, wapinzani wetu!" Mzee Merv alifoka ndani ya treni ya kuingia Brisbane, akimtikisia jirani yake kopo tupu.

Jirani, mama aliyevaa jezi ya raga ya damu ya mzee, rangi ya jimbo lao la Queensland, akacheka. "Si kopo tu, mzee wangu? Bia ni ileile."

"Kopo tu! Mke wangu tumemzika na jezi yake. Aliyeamua hivi hana kwao."

Kwenye kiti cha mbele yao, Narelle alilowa jasho. Aliyeamua ni yeye, mkuu wa masoko wa kiwanda cha bia hiyo. Alianza kwa kugawa kofia za bure kwenye baa, akapanda vyeo mpaka asione tena rangi za watu wa chini, akachagua buluu eti inaonyesha ubaridi. Sasa wakurugenzi walikuwa wamemwita.

"Atakuwa mtu wa Sydney huyo," mama akakata shauri.

Narelle alizaliwa Ipswich, humuhumu Queensland, kwenye reli hiihii.

"Dada, wewe wasemaje?" Merv akamgusa bega.

Treni ikasimama kituo alichopaswa kushuka Narelle, milango ikafunguka. Nembo ya kiwanda ilikuwa kwenye mkoba, chini ya viganja vyake. Hakuinuka.

"Wa Sydney, mzee," akasema. "Mtu wa kwetu hawezi kufanya hivyo."