Daftari la Wanaotetemeka

Sogeeni, wanangu, nawe kitinda mimba zima hiyo simu, mama yako anakufa mara moja tu.

Cherehani ya baba yenu ni ya binti yangu mkubwa. Nyumba msiiuze, ishini humo hata mkinuniana. Shangazi yenu mpeni blanketi langu jipya ajifunike uso, maana mikono ya baba yenu ilipoanza kutetemeka na pindo za suruali za wateja kwenda upogo, yeye ndiye aliyetangaza kuwa kaka yake amekuwa mlevi. Nimemsamehe. Kusahau sikuahidi.

Daktari alisema ugonjwa ni wa ubongo, na dawa haziletwi kwa kuwa wagonjwa ni wachache. Wangapi? Hakuna anayejua! Basi nikanunua daftari la shule nikazunguka mtaa hadi mtaa nikiandika wanaotetemeka, nanyi mkinicheka, msijifanye mmesahau. Kosa langu, niliwaandika kwa majina ya utani, Mlevi, Bwana Baridi, Mguu wa Kuku, kwani ndivyo mtaa ulivyowaita. Nikalipeleka bungeni watunge sheria, karani akanirudishia: “Bibi, haya ni matusi, si orodha.” Nikaona haya, nikarudi kila mlango kuuliza jina ambalo mtu alipewa na mzazi wake. Mmoja alinitoa kwa ufagio. Kesho yake nikaenda na wangu.

Mia moja na kumi na watatu! Mheshimiwa mmoja wa kamati ya bunge akaniuliza nimesoma hadi wapi. “Darasa la saba,” nikamjibu, “na kuhesabu nilifundishwa. Nyie mwalimu wenu alikuwa mgonjwa?” Alicheka hadi mwenyekiti. Miaka sita wakaniambia njoo kesho, na kila kesho walinikuta mlangoni.

Na juzi sheria imepita, mmesikia wenyewe redioni! Kila hospitali, nchi nzima, itaandika kila mgonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na dawa zitaagizwa kwa hesabu, si kwa kubahatisha. Nani mlevi sasa?

Mkono huu nao unatetemeka, mnauona. Mficha maradhi kilio humfichua, kwa hiyo asiniandikie mtu “uzee”. Uzee haujamuua mtu bado. Liandikwe jina la ugonjwa, na langu kamili.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mungu awape miguu isiyochoka, na midomo... isiyoogopa wenye viti. Mkubwa wangu, usikae hapa kunilia. Hospitali wameanza kuandika leo. Nenda... waambie nipo hai, waniandike. Kimbia, mwanangu, kabla hawajafunga.