Maji Ndani ya Petroli: Wasifu wa Marehemu Rumena Mladenova Paskova

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mlima huu katikati ya theluji ili kutushika mkono, huyu tunayemlaza leo ni Rumena wetu, na haya ndiyo maisha aliyoyaishi.

Rumena alizaliwa tarehe 14 Februari 1944 katika kijiji cha Gorna Leska, milima ya Rodopi, kusini mwa Bulgaria. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Mladen, mkata miti, na mkewe Kalina. Mwezi Februari 1953 mama yake alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili wakati theluji imefunga barabara. Mladen alimfunika kwa mablanketi, akamlaza juu ya gari la kuteleza linalokokotwa na farasi, akashika njia ya hospitali ya mjini. Hawakufika. Aliporudi naye, shangazi walimwambia Rumena kuwa mama amelala, asimwamshe. Mtoto alingoja wakubwa wageuke, akaweka kiganja chake shavuni kwa mama yake, akalikuta baridi. Tangu hapo hakupokea neno la mtu kabla ya kuligusa kwa mkono wake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akamaliza sekondari mjini mwaka 1961, kisha akajiunga na chuo cha wakunga huko Plovdiv. Wenzake chuoni walimtania kwamba akiambiwa maji ya kuogea mtoto yako tayari, lazima atumbukize kiwiko chake, hata kama mwalimu ameshatumbukiza cha kwake. Alihitimu mwaka 1964 na kupangiwa zahanati ya Gorna Leska, akarudi kuishi na baba yake na kuhudumia vitongoji vyote vya upande huu wa mlima.

Miaka ya mwanzo alikwenda kwa miguu au kwa kubebwa na mikokoteni ya watu. Vuli ya mwaka 1967 mganga msaidizi aliyekuwa akistaafu alimwachia pikipiki kuukuu yenye kigari cha pembeni, iliyokuwa imelala miaka mingi ndani ya banda la kuku. Rumena aliisukuma mpaka gereji ya matrekta ya ushirika. Fundi wa pale, kijana aitwaye Lyuben Paskov, aliizunguka huku akifuta mikono.

“Dada, hii si pikipiki,” alisema. “Hii ni maiti iliyosahauliwa kuzikwa.”

“Basi ifufue. Baridi inakuja, na wanawake hawazai kwa kufuata hali ya hewa.”

Lyuben aliifungua injini yote. Alisafisha kabureta, akabadilisha nyaya zilizotafunwa na panya, akamwaga oili nzito na kutia nyepesi isiyoganda kwenye baridi. Alifunga kioo cha mbele alichokikata kutoka dirisha la basi bovu, akaweka mabati ya kukinga magoti, akalipitisha bomba la moshi chini ya sakafu ya kigari ili mjamzito atakayepakiwa asigande miguu. Tairi la nyuma alilivika mnyororo. Alimfundisha Rumena kuifungua betri kila jioni na kuilaza ndani, karibu na jiko, kama mtoto mchanga.

Rumena alisimama pale siku zote za kazi, macho hayabanduki.

“Hiyo nati umeikaza?”

“Nimeikaza.”

Akachukua spana akaikaza tena. Madereva wa matrekta walicheka mpaka wakashika mbavu. Lyuben hakucheka, alimpa spana nyingine iliyomtosha mkononi vizuri zaidi.

Mwezi Desemba matatizo yakaanza. Pikipiki ilikuwa ikitembea vizuri siku kavu, lakini theluji ikidondoka tu, haiwaki, au inawaka kisha inakohoa na kuzimika. Lyuben alifungua kabureta akakuta vipande vya barafu. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli.

“Tangi likibaki nusu kwenye baridi, linatoa jasho kwa ndani,” alieleza. “Lijaze mpaka juu kila unaporudi.”

Rumena alilijaza. Maji yakaingia tena. Ndipo wasiwasi ulipompanda kichwani. Banda lake lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa pili alikuwa nao Lyuben, ili aweze kuja kutengeneza wakati yeye yuko zahanati. Tena aliona jinsi fundi yule anavyochangamka kila pikipiki inapokufa. Mbona hanuni kama mafundi wengine? Mbona chai iko tayari kabla hajabisha hodi?

Akatega mtego. Skrubu za kabureta alizitia tone la rangi ya kucha, zikiguswa rangi ipasuke. Chini ya kifuniko cha tangi alibana uzi wa sufu. Katikati ya Januari, baada ya usiku wa theluji, alikuta rangi iko salama, lakini uzi umelala sakafuni. Alikwenda moja kwa moja gereji akamkabili Lyuben mbele ya wenzake.

“Unafungua tangi langu.”

“Nani? Mimi?”

“Nani mwingine ana ufunguo? Unatia maji ili nirudi hapa kila wiki.”

Lyuben alikuwa na uso wa mtu aliyezabwa kofi hadharani.

“Niharibu nilichokitengeneza kwa mikono yangu?” aliuliza polepole. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya injini ya trekta. “Chukua. Kuanzia leo banda lako silijui. Na maji yakiingia tena, dada, utajua huyo wa kumtafuta si mimi.”

Tarehe 25 Januari 1968, mchana, shemeji wa mwanamke aitwaye Safie alifika zahanati akihema kutoka kitongoji cha Kamenka. Safie alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki. Theluji ilikuwa inaanguka. Rumena alifunga betri, akakanyaga, pikipiki ikawaka mara ya kwanza, akamshukuru Mungu. Walipofika mteremko wa daraja, injini ilikohoa ikazimika. Alishuka, akafungua kikombe cha chini ya kabureta na kukimimina kiganjani. Vipande vya barafu vilimeremeta ndani ya petroli.

Funguo zote mbili zilikuwa mfukoni mwa koti lake. Alizishika, akazitazama. Koti hilo kila jioni lilitundikwa kwenye msumari mmoja tu, jikoni kwao, na jikoni kwao walikaa watu wawili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakukuwa na muda wa kulia. Alichukua mkoba wake wakatembea mpaka Kamenka, theluji ikiwafika magotini. Mtoto wa Safie alitoka kitovu kimemzunguka shingo, rangi yake ya bluu kama jiwe la mtoni. Rumena alimpulizia pumzi, akamsugua mgongo, akampulizia tena, mpaka sauti ikatoka. Kisha akapigana na damu ya Safie hadi ikakata. Mama mkwe wa Safie ndiye aliyemvua Rumena viatu na kugundua kuwa vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekufa kwa baridi. Baadaye vilikatwa. Wengi wenu mlijua mwendo wake. Leo mmejua ulikotoka.

Aliporudi nyumbani, Mzee Mladen alikuwa ameketi karibu na jiko.

“Baba, umekuwa ukitia maji kwenye tangi.”

Mzee hakukana. “Kikombe kimoja tu. Kila nikiona wingu la theluji.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka isiwake hapa hapa uani, ubaki nyumbani. Sikujua itawaka kisha ikufie njiani.” Akatazama jiko. “Barabara ile imeshanichukulia mmoja, mwanangu. Nikasema wa pili haimpati.”

“Na Safie je? Yeye hana baba?”

Rumena hakusema naye tena mpaka Pasaka. Siku hiyo mzee alimletea mifuko mikubwa ya ngozi ya kondoo, aliyoishona mwenyewe, ya kuvisha mishikio ya pikipiki ili mikono isigande. Na blanketi la ngozi la kigarini, manyoya ndani.

“Kama kukuzuia siwezi,” alisema, “basi nenda ukiwa na joto.”

Rumena alizipokea ngozi zile. Kisha, mbele ya baba yake, akakunjua kila mshono na kuukagua. Mzee alikubali, kwa sababu alijua ameistahili adhabu ile. Waliishi pamoja nyumba moja mpaka alipofariki mwaka 1981, na binti yake ndiye aliyemfumba macho.

Kwa Lyuben alikwenda akichechemea kwa fimbo, siku ambayo madereva wote walikuwa gereji, kwa sababu alikuwa amemtukana mbele yao, akataka amwombe radhi mbele yao.

“Umekuja kuomba msamaha au kukagua?” Lyuben aliuliza bila kuinua kichwa.

“Vyote viwili. Ile chai. Mbona ilikuwa tayari kila nikija?”

“Kwa sababu pikipiki yako naisikia tangu kule kanisani inapokohoa.” Akainua kichwa. “Nilikuwa nafurahi, ndiyo. Hilo nakiri. Maji siyo.”

Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1969 hapa katika Kanisa la Mtakatifu Dimitar. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Yana mwaka 1971 na Milka mwaka 1975. Msidhani ndoa ilimlainisha. Baada ya majira yale ya baridi, hakuogopa maadui hata kidogo. Waliompenda ndio aliowachunga, maana adui hana ufunguo wa nyumba yako. Mabinti wakimwambia wamelala kwa rafiki, aliulizia rangi ya pazia. Lyuben akisema breki ziko sawa, aliteremka kilima kwanza peke yake. Kila mwezi Oktoba mume na mke walifungua pikipiki ile pamoja uani, na mtaa mzima ulisikia mabishano yao kuhusu plagi na mafuta ya mnyororo. Alifanya kazi ya ukunga mpaka mwaka 1999. Katika miaka yote hiyo pikipiki haikukosa kufika kwa mzazi hata mara moja tena. Aliiendesha hadi alipofikisha miaka sabini, Milka alipomwomba kwa machozi aache. Akamtazama kwanza kama machozi ni ya kweli, ndipo akaacha.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Madaktari walimhudumia kwa uvumilivu, tunawashukuru, kwani kila kidonge alikipasua kuona kilichomo, na kila daktari alimuuliza, “Hii dawa ungempa mama yako?” Vuli ya mwaka huu wa 2023 hakuweza tena kutoka kitandani. Kitanda kilisogezwa dirishani. Mwezi Oktoba alimwona Lyuben, mwenye miaka themanini na mbili, akitoa pikipiki uani na kutandaza spana.

“Unataka kuiuza,” alimwambia alipoingia.

“Siiuzi.”

“Basi unaitengeneza ya nini? Nani ataipanda?”

“Baridi inakuja, Rumena. Baridi ikija inatengenezwa.”

Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta uongo. “Oili umebadilisha?”

“Nimebadilisha.”

Mkononi Lyuben alikuwa na kijiti cha kupimia oili, amekileta kama alivyokileta kila Oktoba, kwa sababu katika ndoa yao yote hakuwahi kuaminiwa kuhusu oili bila mkewe kukipokea, kukigeuza kwenye mwanga na kukisugua kwa vidole viwili. Alisimama pale akimnyooshea. Rumena alifumba macho.

“Vizuri,” alisema. “Funga mlango, baridi.”

Lyuben alitoka, akakaa ngazini na kijiti chake mkononi. Kisha akawapigia mabinti simu, Yana aliyeko Plovdiv na Milka aliyeko Varna. Aliwaambia maneno machache tu:

“Njooni. Mama yenu ameniamini.”

Walifika wote. Alikaa nao wiki kadhaa, akila supu ya maharage kwa vijiko vichache na kuwauliza maswali yake, kila siku machache zaidi. Aliaga dunia Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, akiwa na miaka sabini na tisa. Yana aliweka kiganja shavuni mwake, kisha akawaambia wengine.

Ameacha mume, Lyuben, mabinti wawili, Yana na Milka, wakwe wawili, wajukuu watatu, Bilyana, Krum na Neda, na vitongoji vizima vya watu ambao mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa yake.

Ee Mwenyezi Mungu, mpokee mja wako Rumena, umpe pumziko ambalo hatakuwa na haja ya kulikagua. Apumzike kwa amani.