Dkt. Ragnfrid Kvalnes na Kiangazi cha Utumbo Mweupe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha uchunguzi wa wajawazito, Dkt. Ragnfrid Kvalnes anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya hafla, nami nimeanza na kufuta hadi nikachoka. Maneno aliyoyatumia zaidi kazini ni "sijui bado", na kwa kweli sielewi daktari anasifiwaje kwa hilo.

Yaliyo wazi niyaseme upesi. Alizaliwa kwenye kisiwa kimoja cha huku, akasomea udaktari kusini, mjini Trondheim, akarudi huku kaskazini wakati wenzake wakikimbilia kusini. Amewafundisha karibu wakunga wote mtakaowaona ukumbini, nikiwemo mimi. Na hajawahi kuosha kikombe chake cha kahawa kwa sabuni, akidai sabuni inaua ladha.

Lakini wasifu huu hautakuwa wake bila kile kiangazi. Mwaka ule tulihamia jengo jipya lenye madirisha makubwa na mapazia membamba ya kupendeza. Ikafika Juni, jua likagoma kuzama hata usiku, kama kila kiangazi huku kaskazini, na chumba cha ultrasaundi kikawa cheupe pe. Picha kwenye skrini zikawa hazionekani vizuri, basi kila aliyeketi kwenye mashine aliikoleza picha kidogo ing'ae zaidi, na aliyemfuata akaongeza chake. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Muda si mrefu tukaanza kuwaona watoto tumboni wenye utumbo unaong'aa mweupe kama mfupa. Mara nyingi jambo hilo si kitu, na mtoto huzaliwa mzima. Mara nyingine ni maambukizi, au ugonjwa wa kurithi, au utumbo umeziba. Mtoto mmoja au wawili kwa msimu ni kawaida. Sisi tulikuwa nao kumi na mmoja. Ragnfrid alipima damu za mama zao, akawauliza kama wanafuga paka, maana paka huweza kuleta maambukizi, akawauliza wamekula nini. Kwenye chumba cha kahawa kila mtu akawa mtaalamu.

"Ni maji ya hili jengo jipya," alisema Jorunn wa mapokezi.

"Maji gani? Hao mama wanakunywa maji ya kwao!" nilimjibu.

"Basi ni jibini la kahawia."

"Jibini tumelila tangu enzi za bibi zetu, Jorunn. Acha hizo!"

Ragnfrid mwenyewe alizunguka na uso wa mtu aliyepoteza funguo. Halafu Jumatatu moja akaja na roli za foili ya jikoni, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Jana yake alikuwa kwenye nyumba yake ya mapumziko, akisoma simu juani, mwangaza wake ameupandisha hadi mwisho. Alipoingia chumba cha kulala, ambacho dirisha lake limebandikwa foili kuzuia jua la usiku, kama vyumba vyote vya kulala huku, mwanga wa simu ukamchoma macho. Hapo ndipo akili ikamrudia: sisi nasi tulikuwa tumezikoleza picha kwa sababu ya jua. Akapanda juu ya meza, akaziba madirisha ya ultrasaundi kwa foili ya kuokea samaki. Kisha, gizani, akatufundisha kuipunguza picha mng'ao polepole. Utumbo ukififia kabla ya mifupa, hakuna la kuogopa.

Aliwapigia simu mama wote yeye mwenyewe. "Ragnfrid hapa. Nilikosea. Naomba uje tuangalie upya."

Kwanza wakaja kumi, na kwa wote kumi utumbo ukafifia. Wa kumi na mmoja, na wa mwisho, alikuwa Risten, pamoja na mumewe Aslak. Walishasikia habari njema za wenzao, wakaja na keki kabisa. Ragnfrid akapunguza picha, akapunguza tena. Mifupa ikafifia, utumbo ukabaki unawaka.

"Kwanza ulisema kuna tatizo," alisema Aslak. "Halafu ukasema ni jua. Leo tatizo limerudi. Sasa Ragnfrid, tushike lipi?"

"Hili la leo."

"Atapona?"

"Sijui bado. Wengi wenye picha kama hii huzaliwa wazima. Wachache huhitaji upasuaji mara tu wanapozaliwa, na huo huenda vizuri zaidi tukijua mapema. Nataka mje kila baada ya wiki mbili, hata mkinichoka."

Risten alikuwa bado amekumbatia boksi la keki. "Tumeshakuchoka," alisema. "Tutakuja."

Nilimkasirikia Ragnfrid siku ile. Nilitaka awape neno moja tu la kulala nalo, lolote. Hata sasa sielewi alipata wapi moyo wa kuwanyima.

Septemba, utumbo wa mtoto ulianza kutanuka, dalili kwamba umeziba. Ragnfrid akamwagiza Risten akajifungulie Trondheim, karibu na wapasuaji. Novemba akazaliwa msichana, na siku ya pili wakakata kipande kilichoziba na kuunganisha palipobaki. Huku kwetu, siku hizohizo, dhoruba iliufunga uwanja wa ndege. Angezaliwa hapa, angenyonya, angetapika, na sentensi hii sitaki kuimaliza.

Baadaye tuliletewa mapazia mazito, lakini foili haijabanduliwa. Kila mkunga mpya hufundishwa kuipunguza picha kabla ya kuiamini.

Wiki iliyopita Risten na Aslak walikuja kumuaga pamoja na Elle, binti yao, sasa ana miaka kumi na mitatu. Tuliandaa skonzi za mdalasini. Elle akala ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono ukaifuata ya nne.

"Elle, basi! Utaumwa tumbo!" alisema mama yake.

Sote tukamgeukia Ragnfrid. Yeye akamsogezea msichana sahani.

"Tumbo hilo nalijua mimi," alisema. "Mwache ale."

Nilichanganyikiwa kiasi kwamba nikaenda kuosha vikombe vyote, na chake nikakitia sabuni.

Ragnfrid, asante kwa kila "sijui bado" uliyotuambia, na kwa kurudi kuangalia tena. Nenda ukapumzike kwa raha na afya, ulale mchana kutwa ukipenda. Foili ikibanduka, tutaibandika wenyewe.

Oddny Brattli, mkunga, kwa niaba ya kitengo