Mwalimu Fungua na Ukurasa Ulio Wazi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu wa wakunga, ambaye chuo kizima kilimwita Mwalimu Fungua. Ametutoka wiki iliyopita. Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika.

Jina hilo alilipatia mlangoni. Utafiti wake ulihusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na mkunga afanye nini kabla gari halijafika. Aliukusanya kwa wakunga wenyewe, kwenye wodi ambazo kitanda kimoja wanalala wawili. Chuo kikauweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Siku moja mkunga akampigia simu kutoka zahanati. "Mwalimu, mbona naombwa nywila? Si maneno yetu haya?"

Mwalimu akatoka darasani mbiombio, glavu bado mkononi, akagonga kwa mkuu wa maktaba. "Fungua!"

"Mbona uko wazi, dada yangu. Tazama."

Kichwa cha utafiti kilionekana kwenye skrini. Jina lake lilionekana. Chini yake, peupe.

"Kweli uko wazi," akasema. "Wazi kama nafasi ya kazi. Hakuna kitu ndani!"

Mkuu akacheka. Yeye hakucheka. "Kaka, mficha uchi hazai. Na chuo kinachoficha utafiti kinazaa nini?"

Basi, akapigwa danadana. Maktaba ikamtuma kwa watu wa kompyuta. Watu wa kompyuta wakamtuma kwenye kamati. Kamati ikasema inasubiri maktaba. Miaka ikaenda hivyo, wasikilizaji, na kuufungua ilikuwa kazi ya kubofya mara moja!

"Akisikia mama kafa kwa kuvuja damu, hapo hapo anavaa viatu," anasimulia binti yake. "Anakwenda kugonga tena." Hata alipougua, aligonga kwa simu, akiwa kitandani. Alitaka kitu kimoja tu: utafiti ufunguliwe, wakunga wausome. Haukufunguliwa.

Alipofariki, chuo kikaandika rambirambi mtandaoni: "Kazi zake zitaishi milele." Binti akabofya jina la utafiti palepale, apate walau ukurasa wa kusoma msibani. Akaombwa nywila. Akaweka ya mama yake. Akajibiwa: mtumiaji huyu ameondolewa. Jamani! Hata hawajamzika, wameshamfuta! Halafu tuite hayo rambirambi? Ni machozi ya mamba.

Binti yetu, na ndugu wote mliofiwa, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi mnaoshika funguo za maarifa yaliyotoka vinywani mwa watu, jiulizeni usiku huu: mnamfungia nani?

Ila nakala yake ya mwanzo ilibaki kwenye simu ya binti, naye kaniletea hapa studio. Redio haiombi nywila. Wakunga mlioko zamu, mlioombwa nywila ya maneno yenu wenyewe, chukueni kalamu. Nasoma ukurasa wa kwanza, polepole.

"Mama akishajifungua, usimwache peke yake..."