Shule ya Kurukaruka

Ssssss. Saa nane za usiku, ssssss, nikashtuka nikijua ni nyoka, nikawasha taa, kumbe ni binti yangu Kijino, miaka mitano, kalala fofofo, sauti hiyo inamtoka mdomoni na miguu inarukaruka ndani ya shuka. Sikulala tena. Asubuhi nikampeleka shule, nikachungulia uani: watoto wote nje, herufi zimechorwa chini kwa chokaa, mwalimu anaita "mmmm!" nao wanakimbia kuikanyaga. Daftari hakuna! Nikaja kijiweni na birika langu la kahawa na hofu tele, maana nimefika kidato cha nne, najua shule ni daftari, na mtoto ninaye huyo mmoja. Wateja wangu watatu walishaegemea ukuta: Karani mstaafu, anayetuandikia barua, Gundi, fundi viatu, na Injinia, anayetengeneza redio, nyingi hazilii. Nikawasimulia yote.

Karani: Mwanangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyo atakua chura.

Gundi: Mwezi huu nimemshonea soli mara tatu. Mwalimu ana ubia na wauza viatu!

Injinia: Ubia na wewe, sema. Hamjui sayansi nyie. Herufi inaingilia unyayoni, inapanda na mshipa, ikifika kichwani usiku inakwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Mvalishe soksi.

Mimi: Soksi, mjomba? Mtoto ananiharibikia, wewe unaniambia soksi!

Karani: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa tatizo ni guu hasa. Mimina kahawa, nikuandikie barua ya kumhamisha.

Akaandika, nikatia sahihi huku machozi yananitoka. Mchana Kijino akatokea, vumbi mpaka kwenye kope, akachora S chini kwa kijiti.

— Shikamooni. Babu Karani, hii inaliaje?

— Inaitwa esi.

— Hilo jina lake. Inaliaje?

Karani akamtazama Gundi. Gundi akatazama kiatu. Injinia akaomba kahawa, birika likatoa tone moja.

Kijino akawaonea huruma, akainua macho kwenye maandishi ya ukutani, juu ya vichwa vyao. Akaanza kuruka, kila mruko na sauti yake:

— U… sss… i… kkk… o… jjj… o… e. Usikojoe!

Nikakaa chini, pale pale vumbini.

— Nani kakufundisha hilo?

— Hakuna. Nimeliruka tu, mama.

Barua nikaisokota, nikaitia kwenye makaa ya birika. Kijino alikuwa amemkodolea macho Gundi.

— Babu, si ndiyo hapa hapa jana jioni wewe ulikuwa una…

— Mjukuu wangu! Soli nakushonea bure mpaka umalize shule! Hilo libaki letu wawili.

Kijino akaweka mkono kifuani, akatutazama mmoja mmoja, Karani, Injinia, mimi, na akina mama waliosimama njiani na ndoo zao, akapaza sauti:

— Simwambii mtu mwingine, babu.