Kidoti Alichokifuta Marehemu

Waombolezaji wenzangu, na ninyi wenzake wa jaridani mliokaa safu ya mbele, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na ingawa tumezoea kwamba aliyekufa hana baya, mimi sikujaliwa ulimi wa asali, nitasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yetu huyu mnayemwona, na akiwa na miaka sita alianguka kutoka juu ya ukuta wa jirani akiiba mapera, akapasuka juu ya jicho, akabaki na kovu ambalo mama alimtambua kwalo hata katikati ya uwanja uliojaa watoto wa sare moja.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wavulana, ambako aliandika mabango ya mechi zote, kisha chuo cha uchapaji alikohitimu Novemba 1995, na Januari iliyofuata akaajiriwa kuwa msanifu kurasa wa jarida la wasichana, lile la jalada la waridi ambalo mabinti zenu wanaazimana hadi linachanika.

Kazi aliijua, hilo simnyimi. Alitueleza mezani, mdomo umejaa, kwamba herufi ziwe za mviringo kama mwandiko wa shoga yako wa darasani, kwamba msichana wa pichani amtazame msomaji machoni ili kila mtoto adhani anasemeshwa yeye peke yake, kwamba ukurasa wa kushoto uulize, je, ngozi yako inakuaibisha, na wa kulia, pale kidole gumba kinaposhika, ikae krimu. Yaani kushoto anamtia mtoto kidonda, kulia anamuuzia plasta. Nilimwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akacheka, akasema basi yeye ndiye anayekinunulia viatu.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001 na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, mvumilivu kuliko mimi, wakajaliwa watoto wawili, wote wa kiume, kwa hiyo nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuonja alichokipika. Aliyeonja ni wangu.

Binti yangu alizaliwa mwaka 2005 na alama ndogo nyeusi shavuni, na marehemu, mjomba wake, ndiye aliyempakata akamwita Kidoti, jina likamganda, mtoto akalipenda. Agosti 2017 mjomba huyohuyo alimpiga picha uani kwetu, akamwahidi jalada, jarida likatoka, macho ni yake, tabasamu ni lake, kidoti hakipo. Amekifuta! Nilipompigia simu alishangaa kwa dhati kabisa, akasema, dada, nimemsafisha tu, kila mtu tunamfanyia. Mtoto naye akaelewa kwamba kama aliyempa jina ameona ni uchafu, basi ni uchafu, akanunua krimu ya ukurasa wa kulia, akasugua, akaungua, na tangu hapo mkono wake wa kushoto una kazi moja, kufunika shavu, anakula hivyo, anatembea hivyo, mitihani yote ameifanya hivyo. Sikumsamehe ndugu yangu, na leo bado.

Mwaka jana ini lilianza kumsumbua, akaficha, akaenda kazini na tai yake shingoni mpaka akaangukia meza ya kazi, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Alilazwa hospitali ya rufaa tarehe 20 Mei, akaomba Kidoti aende kumwona, Kidoti hakwenda, nami sikumlazimisha. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa ameushika mguu wake.

Sasa asubuhi hii ninyi wenzake mmetuletea picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, mmeitengeneza kwa upendo, sikatai, ngozi laini, meno meupe, kovu halipo. Mama akaitazama, akauliza huyu ni nani, na mwanangu mmempeleka wapi, nanyi mkashangaa vilevile kama marehemu siku ile ya simu, mkasema mmemsafisha tu. Jamani! Tukaigeuza ikatazama ukuta, tukawa tunahangaika, ndipo Kidoti alipoinuka bila kutumwa, akaingia chumbani kwa bibi yake, akatoka na picha ya zamani ya mjomba wake, yenye kovu, katika fremu nzito ya mbao, akasimama nayo kando ya jeneza, na yupo pale tangu nianze kusoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutuazima viti, na ninyi wa jaridani kwa jeneza na magari, ila ile picha mtaondoka nayo.

Mdogo wangu, hasira yangu nitarudi nayo nyumbani, lakini mpwa wako amekuja, fremu ni nzito, ameishika kwa mikono miwili, na shavu lake liko wazi mbele ya watu wote hawa. Pumzika na kovu lako, kwa amani.