Fuatino na Dakika Kumi za Jioni

Wasikilizaji wapendwa, sauti mnayoisikia ndiyo inayosikilizwa kuliko zote kisiwani asubuhi ya Jumamosi. Stesheni mbili nyingine saa hizi hazijawasha mitambo, na ya tatu mtangazaji wake ni mpwa wangu, bado kalala.

Leo sikutaka mzaha, lakini mzaha ukishanizoea haubishi hodi. Leo tunamkumbuka Fuatino Malaeola. Fuatino Malaeola wa kijiji cha Fusivai. Amefariki Jumanne, hospitalini, akiwa na miaka sitini na minane. Anazikwa leo mchana mbele ya nyumba yake, kando ya mumewe.

Wengi mlimjua kama msimamizi wa zamu ya jioni pale kiwandani. Kiwanda cha jaketi za kujiokolea majini, ambacho sasa ni ghala la saruji. Mimi nilikuwa chini yake. Cherehani ya tisa, karibu na mlango, kwa sababu nilikuwa mchelewaji.

Fuatino alijifunza kushona nyumbani kwa mchungaji, kwenye cherehani ya mkono ya mke wa mchungaji. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipofika ishirini, magauni yote meupe ya Jumapili hapo Fusivai yalikuwa yametoka mkononi mwake. Ukinenepa, alikuwa anajua kabla yako.

Kisha wakaja wenye kampuni kutoka Brisbane. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Baraza la wazee likawapa kiwanja cha kujenga, likawaambia sharti moja tu. Jioni baragumu la kombe likilia, kijiji kizima kinasimama. Hakuna anayetembea, hakuna anayefanya kazi, kila mtu anasali. Anayevunja analipa katoni kumi za samaki wa kopo. Akirudia, anahama kijiji. Wageni walisikiliza, wakatabasamu, wakanywa kakao yao. Nadhani walidhani ni hadithi ya kuwakaribisha.

Zamu ya jioni ilianza saa nane mchana, ikaisha saa nne usiku. Baragumu linalia saa kumi na mbili na nusu. Wanawake sitini, cherehani sitini. Siku ya kwanza tulisimama sote, tukaimba, tukasali, tukarudi kazini. Dakika kumi.

Kesho yake Fuatino akaletewa fomu. Cherehani zikisimama, msimamizi aeleze kwa nini, atie alama kwenye kisanduku. Visanduku vilikuwa vinne. Umeme. Sindano. Uzi. Ugonjwa.

"Pisa," akaniambia, "tafuta kwa macho yako. Sala iko wapi?"

"Labda nyuma ya karatasi, dada."

Tukageuza. Nyuma palikuwa peupe.

Alikuwa mkweli wakati ule, nisije nikamsingizia marehemu. Aliandika barua Brisbane kuomba kisanduku cha tano. Jibu likaja: wafanyakazi wanaweza kusali kabla ya kazi au baada ya kazi. Akaisoma barua, akaikunja, akaiweka kifuani. Kampuni inasema kazi isisimame. Baraza linasema kazi isimame. Na hapo katikati wako wanawake sitini wenye watoto.

Akatia alama kwenye umeme.

Alifanya hivyo miaka sita. Umeme wa Fusivai ukawa mcha Mungu kuliko shemasi wetu. Ulikatika saa kumi na mbili na nusu kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na haukukosa hata siku moja.

Brisbane wakatuonea huruma. Wakatuletea jenereta.

Jenereta kubwa, wasikilizaji, la kijani, limekuja na meli. Baraza likachinja nguruwe wawili kulipokea. Mchungaji akaliombea. Fuatino akasimama mbele, akatoa shukrani kwa niaba ya wafanyakazi, na nilimwona jasho linamtiririka hadi kwenye viganja. Kesho yake akatia alama kwenye sindano. Wakatuletea sindano, makasha kumi na mawili.

Ndipo akaja Bwana Pettit. Huyu alikuwa mkubwa wa makao makuu, anakuja mara moja kwa mwaka. Mtu mpole, shingo nyekundu, anakula majani ya magimbi na tui kwa uma. Safari hiyo hakwenda hotelini mapema kama kawaida yake. Alikaa juu ya kasha, pembeni ya Fuatino, akangoja jioni.

Baragumu likalia. Cherehani sitini zikanyamaza. Tukainamisha vichwa.

Taa zote zilikuwa zinawaka. Pangaboi linazunguka juu ya kichwa chake.

"Ni umeme?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni umeme," akajibu Fuatino, macho kafumba.

Bwana Pettit akalitazama pangaboi. Akalitazama sana. Kisha akatoa kidaftari mfukoni, akaandika mstari mmoja. Ulikuwa mstari mmoja tu, ninao ushahidi, maana mimi tangu utotoni nasali kwa jicho moja. Akakirudisha mfukoni, akangoja mpaka tulipomaliza. Akaaga vizuri, akaondoka.

Baada ya miezi tisa kiwanda kikafungwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni. Lilisema: mabadiliko ya biashara. Basi. Zamu zote mbili, watu mia moja na ishirini, mabadiliko ya biashara.

Hapo ndipo Fuatino alipoanza kuumwa, nasema mimi, ingawa daktari anasema ni figo. Kuna swali lilimkaa kooni, na swali ni hili: Bwana Pettit aliandika nini? Je, ni zile dakika kumi zilizoondoa kazi za watu mia moja na ishirini?

Na watu hawakumsaidia. Siku moja dukani wifi yake, Vaimoana, alisema mbele ya foleni nzima, "Mpisheni Mama Sala. Amesali mpaka kazi zetu zimepaa mbinguni."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Mniombee kwa hilo. Fuatino aliweka mkate wake juu ya kaunta, akatoka bila mkate.

Tangu siku ile, baragumu likilia, alikuwa anakaa na familia yake kama kawaida, anainamisha kichwa, lakini haimbi. Yeye, aliyekuwa akiongoza sauti ya pili kanisani. Midomo imefungwa.

Vijana wakaanza kuondoka. Mwanawe Tavita alikwenda New Zealand kuchuma tufaha. Binti yake Makerita yuko Brisbane, anapanga bidhaa ghalani. Kumbe kazi haikuja tena kwetu, sisi ndio tunaifuata kwao. Jioni nyumba zimewaka taa, lakini ukihesabu vichwa ni wazee, wajukuu, na mbwa.

Makerita alinipigia simu juzi. Alisema, "Bibi Pisa, mama alikuwa ananipigia kila jioni ya huko, saa ya sala. Huku kwetu ni saa tisa na nusu mchana, niko kazini. Naingia chooni, nasali naye dakika kumi. Msimamizi wangu anaamini nina ugonjwa wa tumbo."

Nikamwambia wewe kweli ni mtoto wa mama yako. Akacheka, kisha akalia. Akasema, "Akimaliza kusali, kila siku ananiuliza lile lile. Wewe uko mji ule ule, hujakutana na yule bwana? Hujui aliandika nini?"

Makerita amepata siku tatu za ruhusa. Tavita hakupata, ni msimu wa kuchuma. Atamzika mama yake kwenye simu.

Kwa Makerita na Tavita, kwa wajukuu watano, kwa mzee Leota shemeji yake, na kwa Vaimoana pia, ambaye tangu Jumanne anapika maandazi ya wafiwa na hajakaa chini: poleni sana. Redio hii inalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kazi ikija kutoka mbali ipokeeni, watoto wale. Ila someni fomu siku ya kwanza, kabla ya kuchinja nguruwe. Na jioni ya leo baragumu likilia, dakika moja kati ya zile kumi mpeni Fuatino. Fuatino Malaeola wa Fusivai.

Nina jambo moja zaidi, nalisema hewani ili nisiweze kulikana.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona hospitalini. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mifupa. Nikakaa kitandani pake, nikamwambia, "Dada, nina habari. Bwana Pettit ameniandikia redioni. Amestaafu. Ameeleza kila kitu. Kiwanda walikihamisha kwa sababu ya mishahara, waliamua kabla hata hajaja. Wewe huna kosa."

Akafungua macho. "Na kwenye kidaftari?"

"Aliandika: Hawa watu wanasali, waacheni."

"Kaandika hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na mwisho wa barua anasema, msalimie sana Fuatino."

Nikaanza kumenya chungwa ili niwe na kazi. Kisha nikasikia kitanda kinatikisika, nikadhani ni maumivu. Kumbe anacheka.

"Pisa," akasema, "yule bwana jina langu hakuwahi kuliweza. Miaka sita yote aliniita Tina."